Kuongoza shirika la watoto na familia la Wenyeji Asilia wa Kanada: mwongozo kamili kwa aliyekabidhiwa usukani

Ilikuwa Januari, kaskazini mwa Manitoba, baridi ya nyuzi 38 chini ya sifuri. Hita ya nyumba ilikuwa imezima tangu juzi. Bibi alikuwa amewalaza wajukuu wake wanne kwenye kitanda kimoja, amewafunika blanketi na juu ya blanketi makoti yote ya nyumba, hata koti la marehemu mumewe. Kwenye friji mlikuwa na siagi, nusu mkate na chupa ya maji. Mimi nilisimama mlangoni na fomu mkononi. Fomu ilikuwa na visanduku: je, nyumba ina joto, je, chakula kinatosha, je, kila mtoto ana kitanda chake? Vyote vitatu nikatia hapana.

Kabla hakujakucha, watoto wale wanne walikuwa wamegawanywa katika nyumba tatu za watu wasiowajua, katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa gari. Fundi wa hita alipatikana baadaye, akaitengeneza asubuhi moja. Mtoto wa mwisho kurudi kwa bibi alirudi baada ya miezi kumi na tisa.

Mimi nilifuata utaratibu wa shirika lililoniajiri. Shirika nalo lilifuata utaratibu wa pesa zake: kulikuwa na fungu la kulipia malezi ya kambo, na hakukuwa na fungu la kumlipa fundi. Tangu usiku ule nimefanya kazi hii kama afisa wa kesi, kama msimamizi wa maafisa, na kwa muda nikakaimu ukurugenzi. Yote ninayoyaandika hapa yana shabaha moja: kulipanga shirika ili afisa anayesimama mlangoni usiku awe na uwezo wa kumwita fundi.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu walioko Kanada, maana tuko wengi katika kazi hizi, na baadhi yetu tunapandishwa hadi vyeo vya kuamua. Lakini hata ndugu mwenyeji wa taifa husika la Wenyeji Asilia aliyekabidhiwa shirika lake atayatambua mengi.

Jua unaingia nyumba ya nani

Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto wa Wenyeji Asilia, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wamétis, ni asilimia 7.7 ya watoto wote walio chini ya miaka 15. Ukienda kwa watoto walio katika malezi ya kambo, wao ni asilimia 53.8. Rudia kuzisoma namba hizo mpaka zikukerekete, kwa sababu hakuna jamii inayowapenda watoto wake pungufu kiasi hicho.

Zina chanzo chake. Zaidi ya watoto 150,000 walipitishwa katika shule za bweni zilizolipiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa, wakakatazwa lugha zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Mwaka 1951 Bunge likarekebisha Sheria ya Wahindi (Indian Act; "Wahindi" hapo ni Mataifa ya Kwanza, si watu wa India), sheria za majimbo zikaanza kutumika hata kwenye ardhi tengwa, yale maeneo ambayo serikali iliwabakishia Mataifa ya Kwanza. Maafisa ustawi wa jamii wakaingia na madaraka ya kuondoa watoto, bila pesa ya kuzisaidia familia. Hadi kufikia miaka ya 1980, watoto wanaokadiriwa kuzidi 20,000 walikuwa wametwaliwa na kupewa familia zisizo za Wenyeji, wengine nje ya Kanada kabisa.

Kwa hiyo bibi anapokuona unashuka kwenye gari, hakuoni wewe. Anaona gari la mwaka 1965 lililomchukua mdogo wake. Sisi wenyewe hapa Winnipeg tunaijua hofu ya aina hiyo. Mama wa Kikongo akisikia neno CFS (Child and Family Services, yaani huduma za watoto na familia) jikoni kwa jirani, anashusha sauti. Zidisha hofu hiyo kwa vizazi vitatu vya watu waliopokonywa kweli.

Halafu uliza swali la kisheria: mamlaka ya shirika hili yanatoka wapi? Mashirika mengi yamekasimiwa mamlaka na jimbo. Dakota Ojibway Child and Family Services ya Manitoba, iliyoanza mwaka 1981, ilifungua njia hiyo kwa Mataifa ya Kwanza. Mengine yanasimama juu ya sheria ya taifa lenyewe. Splatsin wa British Columbia walitunga kanuni yao mwaka 1980, wakiongozwa na Chifu Wayne Christian, ambaye mwenyewe alikulia katika malezi ya kambo, na mwaka huohuo msafara wa wazazi na watoto ukaenda Vancouver kudai itambuliwe. Jibu la swali hili ndilo linalokuambia unamjibu nani, nani anaweza kukufuta kazi, na nani anaweza kubatilisha uamuzi wako usiku wa manane.

Na kama wewe si mtoto wa taifa hilo, kama mimi, liweke wazi siku ya kwanza mbele ya bodi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumepewa, na tulime kwa nguvu zote, lakini shamba si letu. Mimi niliomba iandikwe kwenye mkataba wangu kwamba sehemu ya kazi yangu ni kumwandaa mtu wa pale pale achukue nafasi, na tarehe ikatajwa.

Sheria ya kubandika ukutani

Kanada ina sheria ya shirikisho inayohusu watoto, vijana na familia za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wamétis. Wengi wanaiita C-92. Ilipitishwa Juni 2019, ikaanza kutumika Januari 1, 2020. Quebec iliipinga, na Februari 2024 Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikasema ni halali kikatiba. Wakili wa shirika atakusomea yote. Mkurugenzi anatakiwa kuvijua vifungu vichache kwa moyo.

Kifungu cha 14 kinatanguliza kinga, yaani kuisaidia familia mapema, kuliko kumwondoa mtoto, na kinagusa hata huduma kwa mama mjamzito. Hiki ni silaha dhidi ya ule mtindo wa hospitali kutahadharishwa wamsubiri mama ajifungue ili mtoto achukuliwe. Manitoba iliuacha Julai 2020, ila mazoea hayafi siku sheria inapobadilika, kwa hiyo waulize wauguzi wa wodi ya wazazi bado wanampigia nani simu.

Kifungu cha 15 kinasema mtoto haondolewi kwa sababu tu ya hali ya kiuchumi: umaskini, nyumba mbovu, miundombinu duni, au afya ya mzazi au mlezi. Hita iliyozima imo humo.

Kifungu cha 16 kinatoa mpangilio wa mahali pa kumweka mtoto: kwanza mzazi, kisha mtu mzima mwingine wa familia, kisha mtu wa jamii au taifa lake, kisha mtu wa taifa jingine la Wenyeji, na mwisho kabisa mtu yeyote mwingine. Mpangilio huu hauishi siku ya kwanza. Sheria inataka urudiwe kuangaliwa mara kwa mara, kama sasa mtoto anaweza kurudi kwa mzazi au ndugu. Weka tarehe ya marudio hayo kwenye kila faili. Pasipo tarehe, miezi miwili hugeuka miaka miwili na hakuna aliyekusudia.

Kifungu cha 12 ni cha taarifa: kabla ya hatua kubwa juu ya mtoto, mzazi, mlezi na chombo cha uongozi cha taifa lake wajulishwe. Nilikuta barua hizi zinatumwa kwa faksi kwenye ofisi ya baraza ambayo mashine yake ilikufa zamani. Piga simu. Jua jina la anayepokea.

Siku tisini za kwanza: mafaili, halafu safari

Wiki mbili za mwanzo usiitishe mikutano ya mikakati. Omba orodha ya kila mtoto aliye mikononi mwa shirika, kisha ukae na wasimamizi mpitie jina kwa jina. Kwa kila mtoto uliza mambo manne. Amelala wapi jana? Amehamishwa mara ngapi? Nani wa ukoo wake alimwona mara ya mwisho, na lini? Ni kitu gani hasa kinazuia asirudi nyumbani wiki hii?

Swali la nne ndilo litakalokutoa jasho. Utatarajia majibu mazito, na mengine ni mazito kweli: ukatili, ulevi uliokomaa, mzazi aliyepotea. Lakini yatatokea mengine kama "mama hana kiti cha mtoto cha gari," "chumba kimoja kimepungua," "tunasubiri mama amalize kozi, na kozi iko mjini, na basi lilisitishwa." Andika majibu hayo pembeni kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo bajeti yako ya kwanza.

Baadaye safiri. Jamii nyingine hufikiwa kwa ndege ndogo tu, au kwa barabara ya barafu miezi michache ya baridi. Nenda wakati ambapo hakuna kesi, ulale huko, ule kinachopikwa. Kwa Wacree na Waanishinaabe, ukimwendea mzee kumwomba mafundisho unampelekea tumbaku. Si zawadi, wala si hongo. Ni namna ya kuomba kwa heshima, na akiipokea amekubali ombi lako. Usibebe desturi ya taifa moja kwenda jingine, kwani Wainuit wana zao. Muulize mfanyakazi wa pale kabla hujafunga mkoba. Jifunze salamu: kwa Wacree ni "tansi," kwa Waanishinaabe "boozhoo" au "aaniin." Sisi tunaotoka kwenye shikamoo tunajua jinsi mlango unavyofunguka kwa salamu iliyotamkwa vizuri.

Kaa na vijana waliokulia kwenye malezi ya kambo, bila maafisa wao chumbani, ukiwa umewalipa muda wao. Kijana mmoja aliniambia kilichomuumiza kuliko yote ni mfuko wa plastiki mweusi, ule wa takataka, ambamo nguo zake zilitiwa kila alipohamishwa. Tulinunua mabegi wiki ileile. Ni jambo dogo lisilobadilisha mfumo, na bado sijui kwa nini lilisubiri mtoto aseme.

Pesa ndizo zinazoamua mtoto alale wapi

Hapa tutatulia, kwa sababu viongozi wengi wema wameshindwa hapa.

Kwa miaka mingi serikali ya shirikisho iligharimia mashirika ya Mataifa ya Kwanza kwa mwongozo ulioitwa Agizo 20-1. Pesa za uendeshaji zilikokotolewa kwa kudhania kwamba asilimia 6 ya watoto wa kila jamii wako nje ya familia zao, hali halisi iwe hivyo au isiwe. Gharama za kumtunza mtoto aliyeondolewa zilirudishwa kama zilivyotumika. Za kuisaidia familia kabla ya mambo kuharibika zilikuwa kiduchu. Fikiria msimamizi mwenye familia inayohitaji dola mia nane za hita: hana. Watoto wanne wakiondolewa, analipiwa kila siku watakayokaa nje. Hakuna mtu aliyeketi akaamua kuvunja ukoo ule, lakini karatasi ya hesabu iliamua.

Februari 2007, Cindy Blackstock wa taifa la Gitxsan, kupitia shirika analoliongoza la kutetea watoto wa Mataifa ya Kwanza, pamoja na Baraza Kuu la Mataifa ya Kwanza, walipeleka malalamiko ya ubaguzi. Januari 26, 2016, Mahakama Maalumu ya Haki za Binadamu ya Kanada ikaamua kwamba serikali imewabagua watoto hao kwa kuwapunja huduma. Amri zilizofuata zikailazimisha serikali kubadili malipo. Aprili 2022 fungu la kinga lilianza kukokotolewa kwa dola 2,500 kwa kila mkazi wa ardhi tengwa na wa Yukon. Ona mtego uliopo: hesabu hiyo haiwahesabu waliohamia Winnipeg au Thunder Bay, ingawa ndio wanaobisha hodi yako kila siku. Familia za mjini zitafutie fungu jingine mapema, usije ukajikuta unamwambia mama arudi kwao ndipo asaidiwe.

Kufanya pesa zimfuate mtoto nyumbani, mimi ningeanza hivi. Tenga fungu la dharura la kila timu, na umpe msimamizi wa zamu mamlaka ya kulitumia kwa sahihi moja, siku hiyohiyo, hata Jumamosi usiku. Hita, kuni, vitanda vya ghorofa, chakula, tiketi ya shangazi anayetoka kijiji cha pili. Mhasibu atataka sahihi tatu, naye ana hoja yake, kwa kuwa anamwogopa mkaguzi. Kaa naye mtengeneze fomu ya ukurasa mmoja: tatizo gani, kimenunuliwa nini, mtoto amelala wapi usiku huo. Mkaguzi wa hesabu akija anakuta maelezo kamili, na wewe umepata kumbukumbu ya kila mtoto aliyebaki nyumbani kwa gharama ndogo. Karatasi hizo nilizitumia baadaye kuomba nyongeza ya bajeti, na hazikuhitaji hotuba.

Ajiri pia mtu ambaye kazi yake yote ni Kanuni ya Jordan. Jordan River Anderson, wa taifa la Norway House Cree, alizaliwa mwaka 1999 akiwa na maradhi yaliyohitaji uangalizi mkubwa. Madaktari walipokubali aondoke hospitalini Winnipeg akaishi kwenye nyumba ya familia, serikali ya shirikisho na ya jimbo zilivutana juu ya nani alipie. Zikavutana zaidi ya miaka miwili. Alikufa hospitalini mwaka 2005 akiwa na miaka mitano, hajawahi kulala nyumbani hata usiku mmoja. Desemba 2007 Bunge likapitisha kanuni yenye jina lake: mtoto wa Mataifa ya Kwanza apewe huduma kwanza, mabishano ya malipo yaje baadaye. Mahakama Maalumu iliagiza ombi la dharura la mtoto mmoja lijibiwe ndani ya saa 12, na lisilo la dharura ndani ya saa 48. Foleni halisi imekuwa ndefu kuliko hapo. Ndiyo maana unahitaji mtu anayeandika saa aliyotuma, anayepiga simu, anayeambatisha barua ya daktari iliyo wazi, na asiyechoka.

Chunguza vilevile pesa zilizo za watoto wenyewe. Manitoba kwa miaka kadhaa iliyalazimisha mashirika kuikabidhi posho ya shirikisho iliyokusudiwa watoto walio kwenye malezi, mpaka mahakama ya jimbo ikasema mwaka 2022 kwamba ilikuwa kinyume cha katiba. Mkurugenzi anayetia sahihi bila kuuliza anaweza kuwa mlango wa wizi asioujua.

Na usijenge mpango juu ya pesa zilizoahidiwa. Mkataba wa dola bilioni 47.8 wa kurekebisha mfumo kwa miaka kumi ulikataliwa na machifu katika kura ya Oktoba 2024. Walikuwa na sababu zao, na mashirika yaliyokuwa yameshaajiri kwa kuutegemea yangejikuta pabaya.

Utaratibu wa usiku

Watoto wengi hawaondolewi saa nne asubuhi kwenye ofisi yenye chai. Wanaondolewa usiku, afisa akiwa peke yake, amechoka, anaogopa kwamba akimwacha mtoto na jambo likatokea, jina lake litakuwa gazetini. Kwa hiyo tengeneza usiku.

Kila familia inayofahamika na shirika iwe na ramani ya ukoo iliyochorwa kabla ya dharura. Tuliyafanya haya na bibi mmoja kwenye ukumbi wa jamii. Juu ya meza palikuwa na karatasi kubwa, chai, na mkate wao wa bannock ukiwa bado wa moto. Faili letu lilikuwa na ndugu wanne. Bibi akachukua penseli, akaanza na dada zake, akashuka kwa watoto wao, akakumbuka binamu aliyeolewa Saskatchewan, akamwita mwanawe kwa simu kuuliza jina la mke wa mjomba. Alipoiweka penseli chini palikuwa na majina arobaini na matatu, na kando ya kila jina alama yake mwenyewe: huyu anaweza kumlaza mtoto leo, huyu anaweza kupika, huyu asikaribie. Ile alama ya mwisho ndiyo iliyowanyamazisha maafisa wetu. Walidhani kwamba ukoo huficha mambo. Bibi alijua hatari iko wapi kuliko faili letu lenye kurasa mia tatu.

Ramani hiyo iwepo kwenye simu ya afisa wa zamu. Kabla ya mtoto kuvuka mlango, apige angalau simu tano za ndugu na aandike jibu la kila mmoja. Msimamizi aamshwe. Ikiwa bado kuna hatari, uliza swali ambalo Wacree wa Nisichawayasihk, kule Nelson House, waliligeuza kuwa utaratibu: kwa nini aondoke mtoto? Wao humwondoa mtu mzima. Nyumba nyingi kwenye ardhi tengwa ni mali ya taifa, hivyo baraza linaweza kumwambia baba mlevi alale kwingine, na bibi au shangazi akaingia kulala na watoto. Mtoto anaamka kwenye kitanda chake, anakwenda shule ileile, mbwa wake yupo. Kuanzisha jambo hili unahitaji azimio la baraza, polisi wanaoelewa, nyumba ya kuwapokea wazazi, na wanawake wa jamii walio tayari kuitwa usiku na kulipwa. Ni kazi ya mwaka mzima. Ianze mapema.

Ndani ya siku chache baada ya dharura yoyote, itisha kikao cha familia. Sheria ya New Zealand ya mwaka 1989 iliupa mkutano wa ukoo nguvu ya kisheria, na wazo hilo limesafiri. Kanuni ninayoisisitiza ni moja: ikifika wakati wa kuamua, maafisa watoke chumbani. Familia ibaki na chakula chake na mzee wake. Huwa wanarudi na mpango mkali kuliko ambao ungewaandikia wewe.

Ziko kesi ambazo mtoto lazima aondoke, na usiku huohuo. Usisite. Shirika la Wenyeji linaloshindwa kumlinda mtoto aliyeumizwa halijarudisha mila yoyote. Ila hata hapo, jamaa wa ukoo kwanza, mtoto akae pamoja na kaka na dada zake, na simu kwa mama kesho yake asubuhi kumwambia mtoto amekula nini.

Watu wako

Waajiri wa pale pale, hata wasio na shahada, kisha walipie masomo wakiwa kazini. Walipe sawa na mashirika ya jimbo, la sivyo utakuwa chuo cha kuwaandalia wengine wafanyakazi. Afisa akipewa faili la binamu yake, liandikwe na lihamishwe bila aibu, maana katika jamii ya watu elfu moja kila mtu ni binamu wa mtu.

Wanabeba mazito. Wengi wao wamepitia malezi ya kambo, au wazazi wao walipitia zile shule. Baada ya kesi ya kifo, usimrudishe mtu zamu kesho yake. Mlipie mganga wa mila au mshauri, achague mwenyewe. Mkurugenzi akienda msibani akae pamoja na wengine mpaka chakula kiliwe. Asiende kutoa pole ya dakika kumi na kurudi ofisini.

Siasa

Diwani wa baraza atakupigia simu kuhusu faili la mpwa wake. Si kama atapiga, ni lini. Andikeni mapema, bodi na baraza wakatia sahihi, kwamba viongozi wanaamua sera na bajeti, na hawagusi kesi ya mtu mmoja mmoja. Simu ikija, msikilize kama mjomba, mweleze haki aliyonayo kama ndugu wa mtoto, iandike kwenye daftari, na usimtaje vibaya kwa mtu yeyote. Mara mbili, simu za namna hii zilinipa mlezi ambaye hatukumjua.

Takwimu

Mataifa ya Kwanza yana kanuni zao za data tangu 1998: umiliki, udhibiti, ufikiaji na uhifadhi viwe mikononi mwao. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtafiti yeyote jedwali, uliza baraza. Wewe mwenyewe usipime mambo arobaini. Mimi nilihesabu manne kila mwezi: watoto waliolala kwa wazazi au ndugu, mara walizohamishwa, waliozungumza na mtu wa ukoo wao wiki hiyo, na wanaojifunza lugha yao. Idadi ya mafaili yaliyofungwa inaweza kukupumbaza. Faili hufungwa hata mtoto akipotea.

Vijana wanaotimiza miaka kumi na minane wasikatwe kama umeme. Kwa Mataifa ya Kwanza, amri za Mahakama Maalumu ziligharimia msaada mpaka siku ya kuzaliwa ya 26. Mwite kijana akiwa na miaka kumi na sita mpange pamoja, na bibi yake awepo.

Taifa linapotaka sheria yake

Siku moja baraza litasema: tutunge sheria yetu wenyewe. Furahi, hata kama maana yake ni shirika lako kuvunjwa na kujengwa upya. Chini ya kifungu cha 20 cha ile C-92, taifa linatoa taarifa, linaomba makubaliano ya uratibu na serikali ya shirikisho na jimbo, na likishakubaliana, au likajitahidi kwa mwaka mzima bila kufika mwisho, sheria yake hupata nguvu ya sheria ya shirikisho na kuishinda ya jimbo pale zinapogongana. Wabaseemoong wa Ontario na Cowessess wa Saskatchewan walikuwa wa mwanzo, mwaka 2021. Cowessess walitia sahihi makubaliano yao Julai mwaka huo, yakiwa na dola milioni 38.7.

Ushauri wangu ni wa mpangilio. Anza na vikao vya wazee na wazazi, kwa lugha yao, uliza neno lao la mtoto aliyelelewa na shangazi linaitwaje na lina wajibu gani ndani yake. Wanasheria waje wakati maneno hayo yameshakusanywa, si kabla. Pesa zijadiliwe kwa miaka mingi mbele, pamoja na majengo na mafunzo. Usikubali kuanza kutekeleza kwa hesabu ya mwaka mmoja. Na pangeni mkono kwa mkono siku ya kuhamisha mafaili, ili kusiwe na usiku ambao simu ya dharura haina mwenyewe.

Kukabidhi

Nilipoondoka nafasi ya ukaimu, niliyempisha alikuwa binti wa jamii ile, aliyeanza kwetu kama mpokezi wa simu. Tulikaa wiki tatu pamoja. Nilimpa mkataba wa bodi, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya ahadi nilizozitoa na sijazitimiza, na namba ya fundi wa hita anayepokea simu usiku. Kisha ramani za ukoo, mkoba mzima wa karatasi zilizokunjwa. Kwenye ya juu kabisa alinionyesha jina lililoandikwa kwa penseli pembeni, kando yake alama ya anayeweza kumlaza mtoto leo. Lilikuwa la mama yake.